Moteri Iliyokataa Kukohoa

Wenzangu mliobaki bwawani mmeniomba niandike jinsi tulivyozifanya moteri za boti zisizimike katika miaka ile ya Zaïre, wakati petroli ilipokuwa ikifika Kolwezi imechoka kuliko sisi. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza nimestaafu, na hapa Kapata asubuhi ni ndefu. Pili, nimebaki peke yangu wa kuulizwa, na hiyo ni njia rahisi ya kuwa mtaalamu bila kufanya mtihani.

Mambo ya vyeo nitayaruka. Nyinyi mlioniona mnajua kwamba niliondoka na koti lilelile nililokuja nalo, ila vifungo vilikuwa vimepungua.

Nilifika kwenye ziwa la Nzilo na diploma ya kemia kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi, nimevaa abakosti, ile suti ya Zaïre isiyo na tai, ambayo mama yangu alikuwa ameipiga pasi kule Musonoi kwa mkaa na kwa sala. Nilidhani nitapewa maabara kiwandani, yenye vioo safi na kiti kinachozunguka. Ofisini kwa kampuni ya migodi wakaniambia ziwa linahitaji mkemia. Ilikuwa kweli kiasi fulani: ziwa lilihitaji mtu wa kujaza chupa maji kila wiki, kwenye vituo vilivyotawanyika ufukoni, na kusoma alama za kina kwenye nguzo. Ili kufika kwenye nguzo ilihitajika boti. Boti ilihitaji moteri, na moteri ilihitaji petroli, ambayo sisi huita esansi. Ndivyo kemia yangu yote ilivyoishia ndani ya bidoni, yaani dumu la petroli.

Kituo chetu kilikuwa nyumba mbili za matofali, banda la boti, gati la mbao na sauti ya maji ya bwawa, ambayo baada ya mwezi huisikii tena mpaka uende mjini ukaikose. Mke wangu alikuwa muuguzi, akabaki Kapata na watoto karibu na kazi yake. Mimi nilikuwa mgeni wa Jumamosi. Watoto walinikaribisha kwa adabu, kama anavyokaribishwa mkaguzi wa shule.

Siku zilizobaki za wiki nilikuwa na Tata Kalala; tata kwetu ni baba.

Kalala alikuwa fundi wa boti. Alikuwa mrefu, na masharubu yake aliyatunza kuliko vifaa vyake, ingawa vifaa pia vilitunzwa. Watu walimwita Mkasaï kwa sababu baba yake aliletwa kutoka Kasaï kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Kapata, mtaa wa tatu kutoka nyumba ninayoandikia sasa, na Kasaï hakuwahi kuiona hata siku moja.

Asubuhi yangu ya kwanza alinitazama viatu, kisha abakosti, kisha viatu tena.

"Citoyen, weye njo chimiste?" Enzi hizo kila mtu aliitwa citoyen, raia.

"Ndiyo, Tata, mkemia ni mimi."

"Basi kuja hapa. Nusa."

Akafungua kifuniko cha tangi la moteri. Nikainama. Harufu iliyonipokea ilikuwa ya sanduku la nguo la bibi yangu.

"Naftalini," nikasema. Ni vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kwenye nguo.

Kalala akaigeukia moteri. "Umesikia? Université inafanya kazi."

Alikuwa akitia kidonge kimoja katika kila tangi. Aliamini kwamba naftalini inaipa esansi dhaifu nguvu, na kwa hakika inaipa kidogo. Lakini inaacha pia uchafu mgumu kwenye buji, ile plagi inayotoa cheche, na moteri huanza kukohoa. Nilimweleza hayo kwa maneno marefu, nikachora na mchoro kwenye vumbi.

"Buji inachafuka, tunaisafisha," akasema. "Na weye, bakikuchafua hapa, nani atakusafisha?"

Kuanzia siku hiyo aliniita Profesa, mimi ambaye sijawahi kumfundisha mtu chochote. Naye hakuacha naftalini. Aliihamishia tu saa ambazo sikuwepo. Nilijua kwa harufu. Boti ilikuwa ikirudi kutoka upande wa pili, na kabla haijaonekana vizuri, ufuko mzima unanukia nguo za Krismasi zilizotoka sandukuni.

Sasa nifike kwenye mliyoyauliza.

Moteri zetu zilikuwa za aina inayokunywa oili pamoja na esansi. Oili ikipungua moteri inaungua, ikizidi inatoa moshi na kuchafua buji. Hilo mnalijua. Shida yetu haikuwa oili, ilikuwa maji. Esansi ya kampuni ilipokosekana, na ilikosekana mara nyingi, tulinunua kwa Mzee Ramazani, mfanyabiashara na msafirishaji mwenye lori, ambaye ukoo wake ulitoka Maniema. Mapipa yake yalikaa uani yamesimama, mvua inatuama juu ya kifuniko. Mchana pipa linapata joto na kutoa pumzi. Usiku linapoa na kuivuta pumzi hiyo irudi ndani, pamoja na maji yaliyolala juu ya kifuniko. Ramazani hakuwa mwizi. Mapipa yake yalikuwa yakinywa peke yake.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi: pipa lililofika lazima lilale. Tuliliweka juu ya magogo na kuliacha siku mbili au zaidi, maji yashuke chini. Katika siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, kuliegemea, wala kuviringisha kitu karibu nalo. Kalala alifika mbali zaidi: alikataza kupiga nyundo bandani, na wapagazi waliopita walitakiwa washushe sauti. Mgeni akicheka, aliwekewa kidole mdomoni. Niliona mainjinia wa bwawa wakinyata kupita pipa kama wanaopita chumba cha mtoto mchanga, kisha wakishangaa kwa nini wamenyata. Baadaye tulivuta esansi ya juu kwa mpira, tukaichuja kwa ngozi laini, na ya chini tukaiacha ya kuoshea vyuma.

Jumamosi kulikuwa na desturi ya pili. Moteri haikuzimwa kwa swichi. Tulifunga bomba la esansi na kuiacha inywe kilichobaki ndani ya kabureta, kwa sababu esansi inayolala humo inageuka gundi. Inanguruma, inapungua, inatetemeka, inakata. Hapo Kalala alivua kofia na kuiambia, "Lala muzuri." Kisha akaivaa, tukaenda kungoja lori la Kapata.

Lakini hata pipa lililolala vizuri hubakiza unyevu ambao jicho halioni, na huo ndio uliotuzima katikati ya ziwa. Mimi, kwa elimu yangu, nilijua dawa: alkoholi. Alkoholi inashikana na maji na kuyabeba ndani ya esansi mpaka yaungue pamoja. Katika vitabu ilitoka kwenye chupa yenye lebo. Kapata ilitoka kwa mama mmoja aliyechemsha lutuku uani kwake, pombe ambayo iliwahi kumfanya shemeji yangu aombe msamaha kwa mbuzi. Nikanunua lutuku. Nikaimimina kwenye tangi kwa mkono wangu, huku nikimhutubia Kalala.

Kilichofuata ni kwamba moteri ilizimika ng'ambo kabisa, tukapiga makasia mpaka jua likatupita. Lutuku, kama kila mnywaji ajuavyo isipokuwa mkemia, karibu nusu yake ni maji.

Tulipofunga kamba gatini, Kalala akanigeukia.

"Profesa," akasema, "naftalini yangu iko chafu, mi nakubali. Lakini haikuwahi kunipigisha makasia."

Hivyo tulikuwa wawili, kila mmoja na dawa yake mbaya, na hali hiyo ilitufaa kuliko kama mmoja wetu angekuwa sahihi. Jioni, taa ya mafuta ikiwa kati yetu, tuliendelea kubishana mpaka jibu lilipotoka, na siwezi kusema lilitoka kwa nani. Kalala alilalamika kwamba chokaa kutoka kiwandani, ile mbichi ambayo haijamwagiwa maji, ilikuwa imemchoma mikono kwa kunyonya jasho lake. Nikamwomba arudie. Akarudia, na matusi juu.

Chokaa mbichi ina kiu kuliko kitu chochote Lualaba. Tulitia mabonge yake kwenye lutuku kidogo kidogo, maana inapata moto, tena nje, mbali na esansi yote na mbali na sigara ya Kalala. Tuliiacha ikae kutwa, kisha tukaichemsha upya polepole na kuukusanya mvuke. Ilitoka alkoholi kavu. Ukitaka kujua kama imekauka, tia kidogo kwenye chupa ya kioo yenye esansi, utikise. Ikibaki angavu, iko tayari. Ikiwa kama maji ya kuoshea mchele, irudishe kwenye chokaa.

Tulitia kifuniko kimoja cha chupa kwenye kila bidoni, alkoholi kwanza, oili mwisho. Msizidishe. Ikizidi inakula mipira ya bomba. Na mara ya kwanza kwenye moteri ya zamani inang'oa gundi yote iliyoganda na kuipeleka kwenye kabureta, kwa hiyo fungueni na kusafisha baada ya safari ya kwanza. Sisi tuliligundua hilo kwa njia ya makasia.

Baada ya hapo moteri zetu zilikimbia. Sijui namna ya kuwaeleza furaha yake bila kuonekana mjinga. Mtu anakaa nyuma ya boti, maji yote yale yako tupu kuanzia mlima mpaka mlima, na kuna sauti moja tu isiyobadilika. Kalala aliinamisha kichwa kuisikiliza kama wengine wanavyosikiliza redio. Miaka ilipita hivyo. Nilimwona yeye zaidi ya nilivyomwona mke wangu, na nadhani wote watatu tulilijua hilo.

Kisha ukaja mwaka ambao watu wa Kasaï walifukuzwa. Nyinyi mlio wakubwa mnakumbuka, na mlio wadogo mmesimuliwa, sitaongeza hotuba. Watu waliozaliwa hapa waliambiwa warudi kwao. Nyumba za Kapata zilifungwa moja baada ya nyingine, na stesheni ya Kolwezi ikajaa familia zilizolala juu ya mizigo zikingoja treni.

Kalala alibaki ziwani, akaendelea kuingia bandani kila asubuhi na kusafisha buji ambazo hazikuwa chafu.

Siku moja Ramazani alifika na lori lake, na pipa. Alilishusha mwenyewe kwa haraka, likamponyoka, likaviringika mteremko wote mpaka ukutani. Kalala alifumba macho.

"Ulale wapi sasa, maskini," akaliambia.

"Acha pipa, Tata Kalala," Ramazani akasema. "Nakuta bibi yako, mama ya batoto, ku gare, ananituma. Beko pale na batoto wanawake, juu ya mizigo. Treni inakuja kesho. Anasema akipanda bila weye, hatajua fasi ya kukutafuta."

"Akatafute wapi? Mi nazaliwa Kapata. Kule Kasaï sijui hata mutu mumoja."

"Hata yeye hajui. Njo maana anakutaka."

Kalala akakaa kwenye gogo. Akauliza, "Barabara?"

Barabara ilikuwa na kizuizi darajani, pale ziwa linapobana. Vijana walisimamisha magari na kuuliza majina, na jina la Kalala lisingehitaji kuulizwa mara mbili. Lori la Ramazani lilipekuliwa kila lilipopita. Ila maji hayakuwa na kizuizi. Boti ingepita chini ya daraja na kuendelea mpaka ufuko wa upande wa mji, ambako vijana walikuwa hawajafika, na Ramazani angetungoja huko.

Tatizo mnaliona. Boti ingepita chini ya miguu yao. Moteri ya boti ya kazi ikipita haimshtui mtu. Tulipita hapo kila wiki na chupa zetu. Moteri ikizimika chini ya daraja, watu huinama kutazama. Na esansi pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya pipa lililotoka kuviringishwa.

Asubuhi niliivuta. Ilitoka nyeupe kama uji mwepesi. Niliichuja kwa ngozi mara nyingi kadiri nilivyoweza. Nilikuwa na chupa moja ya alkoholi kavu, na nilijua hakutakuwa na nyingine, kwa kuwa mama wa lutuku naye alikuwa kwenye stesheni ileile. Niliimimina kidogo kidogo kwenye bidoni nikitikisa, nikichota kwenye chupa ya kioo kuangalia, mpaka esansi ikaanza kuangaza, kisha ikawa safi, nikaweza kuona vidole vyangu upande wa pili wa kioo. Kalala alisimama nyuma yangu na furushi lake.

"Iko muzuri?" akauliza.

"Iko muzuri."

"Hakika?"

"Hakika, Tata."

Akaitika kwa kichwa kama mtu aliyepewa majibu na daktari.

Alikataa kulala chini ya turubai mpaka daraja lilipoonekana. Hapo akalala, kichwa karibu na moteri, nami nikapanga chupa za maji juu yake kama siku zote. Kulikuwa na ukungu mwepesi. Juu ya daraja niliwaona vijana wanne au watano, mmoja ameegemea chuma anakula muwa.

"Inakimbia muzuri," turubai likasema.

"Nyamaza, Tata."

"Mi nasema tu."

Kijana wa muwa alinipungia mkono. Nikampungia. Akatema ganda, likaanguka majini karibu na boti, nasi tukaingia kwenye kivuli cha daraja, tukatoka. Moteri haikubadilisha sauti hata kidogo. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuisikia hivyo. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya kifuniko chake.

Tulipokwisha kupoteza daraja nyuma ya ukungu, Kalala aliketi, akakung'uta kofia, akaivaa. Aliisikiliza moteri kwa muda mrefu, kichwa kimeinama.

"Ingekohoa hata kidogo," akasema. "Mara moja tu. Ningemwambia bibi yangu tulijaribu, nikabaki."

Nilikuwa nimeshika usukani, na kazi ya kushika usukani ni kutazama mbele.

Ramazani alikuwepo ufukoni, lori likiwa limegeuzwa tayari.

"Mzee Ramazani," Kalala akamwita akiwa bado majini mpaka magoti, "esansi yako ilikuwa na maji ya kubatiza parokia nzima."

"Na umefika. Sema alhamdulillahi."

"Mi nasema aksanti ku Profesa. Weye, Mungu atakuuliza."

Nilinyoosha mkono kuifikia swichi, nishuke nimsindikize. Kalala akanizuia.

"Usizime," akasema. "Mi sitaki kuona inazimika."

Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha moteri, pale penye joto, akakiacha hapo. Hakuvua kofia. Kisha akaniambia nisiruhusu watu wapige nyundo bandani, akapanda lori kati ya mapipa matupu. Ramazani alinieleza baadaye kwamba walifika, kwamba treni ilichelewa kama kawaida yake, na kwamba mama na mabinti walimwona kutoka mbali kwa sababu ya urefu wake.

Nilirudi peke yangu chini ya daraja lilelile. Kijana alikuwa amemaliza muwa. Gatini nilifunga bomba la esansi ingawa haikuwa Jumamosi, nikasubiri. Moteri ilinguruma, ikapungua, ikatetemeka, ikakata. Nikageuka nyuma. Nadhani nilikuwa nangoja mtu aiambie ilale muzuri.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Nililaza mapipa peke yangu, na ni rahisi kukataza kelele mahali ambapo hakuna wa kuzipiga. Wakati mwingine nilifungua mabishano kwa sauti, nikajikuta nashinda kila mara, na ushindi wa aina hiyo unachosha haraka. Kwa alkoholi nilipata mwanamke mwingine wa Mutoshi, lutuku yake dhaifu. Ilinibidi nitumie chokaa mara mbili.

Muda mrefu baadaye, mpwa wa Ramazani alirudi kutoka Mwene-Ditu, kule Kasaï, alikokwenda kuuza nguo, akaniletea kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kamba.

"Limetoka kwa mzee mmoja mrefu," akasema. "Kule hakuna ziwa, anatengeneza moteri za vinu vya mahindi. Ananiambia niulize kama pipa linalala."

"Mwambie linalala."

"Anasema pia, moteri za kule zinaipenda."

Nikafungua kopo. Sikuhitaji kutazama. Harufu ya sanduku la bibi yangu ilijaa banda zima.

Mke wangu hakutaka kopo hilo liingie ndani ya nyumba, na alikuwa na haki. Nililiweka bandani, juu ya rafu ya buji. Nililifungua tena mara moja tu.

Ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kazi. Mlikuwa mmenitayarishia soda na hotuba kwa mchana, na mlidhani nimekwenda kusoma nguzo. Nilizisoma. Lakini kabla ya kutoka gatini nilitia kidonge kimoja kwenye tangi, nikakiona kinashuka na kuyeyuka. Najua naftalini inafanya nini kwenye buji. Niliwahi kuchora mchoro wake kwenye vumbi. Nilizunguka ziwa lote taratibu, na harufu ikanifuata mpaka ng'ambo. Wakati wa kurudi, karibu na daraja, moteri ikaanza kukohoa.

Nilikuwa na buji safi mfukoni. Sikuitoa mapema. Niliiacha moteri ikohoe kwanza.